Nimeikataa Kanga ya Marehemu

Jumapili, mvua haijakatika tangu alfajiri

Uani kumejaa maji, sufuria zinaelea, na mimi nina hasira mpaka meno yanauma. Sijala cha usiku. Mama kajifungia chumbani kwake, hataki kuniona. Kila anayepita barazani anapunguza sauti akifika dirishani kwangu, akishapita anaiongeza tena. Basi wajue nasikia.

Leo nimemshitaki Mzee Kitwana mbele ya jeneza la mama yake.

Na watu wakacheka.

Nataka niandike yote sasa hivi, yakiwa bado yanachemka, kwa sababu kesho kila mtu atakuwa na hadithi yake na mimi nitaanza kujiuliza kama nilisema nilichosema. Hiyo ndiyo tabia ya watu wa mtaa huu. Wanakuzungumzia mpaka unajisahau.

Mzee Kitwana ni fundi magodoro, mtaa wa pili kutoka sokoni. Ukitaka godoro la harusi, uliza Kariakoo yote, uliza Ilala, waulize hata Wahindi wa Mchafukoge, watakwambia nenda kwa Kitwana. Magodoro yake hayana vinundu. Na godoro lisilo na vinundu halina siri kubwa: ni kuichambua sufi vizuri, kutoa kokwa zote kabla hujashindilia. Kazi hiyo inataka vidole vidogo. Ndiyo maana kwake siku zote kuna watoto wa kike. Wanakaa stoo, nyuma ya nyumba, wamezungukwa na malundo meupe, wanachambua. Mlango unafungwa ili upepo usipeperushe sufi. Jioni kila mtoto anapewa kipande cha halua. Wazazi wanashukuru, mtoto katulia, harandirandi sokoni, na anarudi na kitu mkononi.

Mlango unafungwa ili upepo usipeperushe sufi. Hebu ona. Hata sababu ya kufunga mlango alikuwa nayo, tena sababu ya kweli kabisa.

Nilikuwa na miaka tisa. Wenzangu aliwaruhusu, mimi akanibakiza.

Yaliyofuata siyaandiki. Si kwa aibu, aibu ni yake na nimechoka kumbebea. Siyaandiki kwa sababu hakuna mtu nitakayemruhusu kuyatazama kwa macho yake. Nasema hivi tu: alinifanyia mimi mtoto mambo ya watu wazima, si mara moja, na kila mara alinipa halua mara mbili ya wenzangu.

Nikaila.

Halua hiyo imenitesa miaka. Nilijiambia, wewe Mwajuma uliila, tena ulilamba vidole, kwa hiyo ulikubali. Nimekuwa mkubwa nikiwa na wazo hilo kichwani, silisemi, linakaa tu. Ni mwaka huu ndiyo nimelitazama vizuri. Nilimwona mtoto wa jirani akipewa peremende na mtu aliyemkanyaga kidole kwa baiskeli. Aliipokea huku analia. Akaila huku analia. Nikasimama pale njiani. Mtoto akipewa kitu kitamu anakula! Atafanya nini kingine? Yule mwenye baiskeli hakusema mtoto kakubali kukanyagwa.

Hilo sikufundishwa na mtu. Mimi shule sikwenda, kusoma nilijifundisha kwa magazeti ya kufungia karanga, na mengi niliyonayo kichwani nimeyaokota hivyo hivyo, vipande vipande. Lakini hili najua ni kweli kuliko vyote.

Watu wanafikiri mambo ya utotoni yanaisha. Eti mtoto anasahau. Haya, mimi nilisahau vizuri sana! Nilisahau mpaka leo silali kwenye godoro. Nina miaka kumi na tisa, nalala kwenye mkeka, Mama anawaambia watu nina maumivu ya mgongo. Nikipita nje ya duka la mito natapika mate. Mtu akiniwekea mkono begani kwa nyuma, hata akiwa mwanamke, hata akiwa Shangazi, mwili wangu unakufa. Si kwamba naogopa. Kuogopa ni kukimbia. Mimi nakufa nikiwa nimesimama, nakuwa kama nimepanda juu ya boriti na namtazama msichana mmoja hapo chini ambaye hasogei. Baba alipofariki sikuweza kulia, machozi yalikataa, watu wakasema nina moyo wa jiwe. Wamekuja wachumba wawili, wote nikawafukuza kwa matusi. Wakasema nina maringo. Wengine wakasema nina jini.

Jini lenyewe linashona magodoro mtaa wa pili.

Kwa muda mrefu nilitaka afe. Niandike ukweli, nilitaka nimuue mwenyewe. Kila siku nilimuua kwa namna mpya nikiwa nasuka watu nywele, maana ndiyo kazi yangu, kichwa cha mteja magotini na akili yangu iko kwake. Nilimchoma vidole kwa ile sindano yake ndefu ya godoro, kimoja kimoja. Nilimtilia kitu kwenye tambuu. Lakini nililolipenda kuliko yote ni mafuta ya taa. Sufi inawaka haraka mno. Chupa moja, kiberiti kimoja, stoo yote inakwenda. Nilinunua hadi chupa. Kilichonizuia si huruma, ni makuti. Nyumba zimeshikana, moto hauchagui, ungeanza kwake ukamalizia kwa mama yangu.

Basi nikabaki na chupa na hasira.

Wiki iliyopita alikuja kusukwa Mama Tatu, mtu wa Kilwa, mpangaji katika nyumba ya Mzee Kitwana. Nilipommaliza akasema, "Nisukie na huyu mtoto, mwaya, kichwa chake kimekuwa kichaka." Tatu ana miaka minane. Nikamkalisha mbele yangu. Nilipomgusa kisogo alikakamaa.

Hakuruka, hakulia. Alikakamaa, akatazama ukuta, akawa hayupo.

Nilikifahamu kile kitu kama ninavyofahamu sura yangu. Nikachambua nywele polepole, na ndani ya nywele mkawa na sufi. Vinyuzi vyeupe, vidogo, vimeng'ang'ania hadi kwenye ngozi.

"Anachambua sufi kwa babu yake," mama yake akasema, anacheka. "Mzee Kitwana anampenda huyo! Wenzake wakiondoka anambakiza, anamwongezea halua."

Nilimsuka mtoto mistari iliyopinda kama njia ya ng'ombe, mikono yangu haikuwa yangu. Walipoondoka nikaenda uani nikaupiga ukuta ngumi mpaka vidole vikachubuka. Nilitaka kumkimbilia yule mama nimwambie, nikashindwa. Ningesema nini? Nina ushahidi gani? Ugumu wa shingo ya mtoto? Naye anakaa kwenye nyumba ya yule mtu, anakula chumvi yake, angenitoa mbio. Na mimi nilishasema mara moja zamani, nikaona kilichonipata. Nilimwambia Mama siku ya mwisho niliyotoka stoo, nikiwa na miaka tisa, jikoni. Akanipiga kofi. Akasema, "Usilirudie neno hilo mpaka unaingia kaburini." Hakunipeleka tena kuchambua sufi, lakini neno lenyewe halikutajwa tena nyumbani kwetu.

Basi jana jioni Bi Kibibi, mama yake Mzee Kitwana, akafariki. Kikongwe, alikuwa mgonjwa, kila mtu alitegemea. Shangazi Nyamizi, dada yake marehemu baba, akaingia kwetu anafunga kibwebwe.

"Amkeni, Wanyamwezi! Watani wetu wamefiwa. Kesho tunaenda kuwatia adabu."

Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Kwenye msiba wao sisi tunazuia jeneza, tunamwigiza marehemu, tunawatukana wafiwa, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Tukifiwa sisi, nao wanatulipa. Shangazi ndiye mkuu wa watani hapa mtaani, hakuna msiba wa Kizaramo unaopita bila mdomo wake. Mwisho mfiwa anampa mtani haki yake, na hapa kwetu haki ni kanga ya marehemu. Mtani akishaipokea, yote aliyoyasema yanazikwa pamoja na maiti. Hakuna wa kumuuliza.

Mfiwa haruhusiwi kukasirika.

Hayo maneno yaliniingia tumboni kama uji wa moto. Mzee Kitwana atasimama mbele ya mtaa mzima, na mimi nitasema nitakalo, na yeye atatakiwa kusikiliza! Nililala nikicheka peke yangu. Wallahi, nilifurahi.

Mjinga mimi.

Asubuhi tukaenda na mvua yetu. Nyumba imejaa, wanawake ndani, wanaume barazani na chini ya maturubai, kanzu zimelowa mpaka magotini. Shangazi alikuwa ameshavaa kanga mbili za Bi Kibibi na kujifunga mto tumboni, anatembea ukumbini kwa fimbo, anakohoa kama marehemu, anawafukuza kuku wasiokuwepo. Watu waliokuwa wakilia wakawa wanalia na kucheka. Jeneza lilipoinuliwa kutoka chumbani, Shangazi akajilaza kizingitini.

"Kibibi hatoki! Alisema atanifundisha kupika bokoboko, sasa anakimbia!"

Mzee Kitwana alikuwa mbele, kashika mguu wa jeneza. Mzee mnene, ndevu nyeupe, kofia safi. "Mtani, tupishe tumzike mama yetu. Mvua hii!"

"Mvua umeileta wewe kwa uchoyo! Fundi magodoro mzima, mama yako kafa kalala kwenye mkeka! Magodoro yake wanalalia Wahindi!"

Watu hoi. Yeye mwenyewe anatikisa kichwa, anatabasamu, mfiwa mzuri. Shangazi akaapa kwa Mtume kwamba Bi Kibibi alimwachia nyumba hiyo yeye, na yeyote anayebisha aende akamuulize huko anakokwenda. "Nasema kweli, sitanii!" Wakacheka zaidi.

Ndipo nikasimama. Nilisimama kati ya Shangazi na jeneza.

"Mzee Kitwana! Kabla hujamzika mama yako, waambie watu unawafanya nini watoto stoo ukishafunga mlango."

Kicheko. Kicheko kikubwa, cha raha. Mtu mmoja kutoka barazani akapaza sauti, "Anawalisha halua mpaka wanaota vitambi!"

"Nilikuwa na miaka tisa," nikasema. "Uliwatoa wenzangu ukanibakiza. Ulinivua nguo."

"Yalaa! Mtoto wa Kinyamwezi kamzidi shangazi yake!" Mwanamke mmoja nyuma yangu anapiga makofi. "Huyo ndiye mtani!"

"Si utani! Nasema kweli!"

Lo! Hapo ndipo walipokaribia kuanguka. Watu wanashikana mabega, wanafuta machozi. Kwa sababu ndivyo kila mtani anavyosema. Shangazi alikuwa ametoka kuyasema maneno hayo hayo. Ningeapa kwa kitu gani wakaniamini? Kila kiapo kilikuwa kimeshatumika kwa mzaha. Nilikuwa nimechagua mahali pekee Dar es Salaam nzima ambapo ukweli ukisemwa kwa sauti kubwa haudhuru mtu.

Naye akacheka. Lakini alichelewa. Niliona. Wote walikuwa wameshacheka ndipo yeye akaanza, na alipoanza akacheka kuliko wote.

"Huyu mwanangu huyu!" akasema. "Nimemlea mwenyewe kwenye sufi. Mdomo kama mashine! Leteni haki yake, anastahili."

Akaletewa kanga ya mama yake, bado ina alama za mkunjo wa kisandukuni. Akaniwekea begani yeye mwenyewe. Na mkono wake ukabaki juu ya kanga. Uzito ule ule.

Nikafa nikiwa nimesimama. Nikapanda juu ya boriti. Niliwaona wote kwa chini, kofia, kanga, jeneza, na yule msichana kasimama kama gogo na mkono wa yule mtu begani pake, na watu wanacheka. Nikawaza: ndivyo ilivyokuwa. Hivi hivi. Watu wapo karibu, na hakuna anayeona.

Sijui kilichonishusha. Labda hasira. Wengine wanasema hasira ni mbaya, mimi hasira ndiyo iliyonipa miguu. Nikausukuma ule mkono. Nikaivua kanga, nikaikunja vizuri, kwa sababu marehemu hakunikosea kitu, nikaiweka chini miguuni pa mwanawe.

"Sipokei," nikasema.

Kicheko kilikatika upande wa mbele kwanza, kikaenda kikikatika kuelekea barazani, watu wa nyuma wanaulizana kuna nini. Mtani hakatai kanga. Sijawahi kuona, na nadhani hata wazee hawajawahi kuona. Anaweza kudai mbili, anaweza kusema imechakaa, lakini hakatai. Asiyepokea si mtani. Ni mtu tu, kasimama mlangoni pako, kasema aliyoyasema.

Wakaanza kuyakumbuka niliyosema. Niliona nyuso zinarudi nyuma, neno moja moja.

Shangazi akainuka kutoka kizingitini. Mto ulikuwa bado tumboni. Akanitazama.

"Mwajuma. Unajua ulichokifanya?"

"Najua, Shangazi."

"Rudia ulivyosema."

"Nilikuwa na miaka tisa. Alifunga mlango, akanivua nguo. Na hakuishia hapo."

Shangazi yangu ana mdomo wa kujibu hata malaika. Hakusema kitu. Alifungua kibwebwe, mto ukaanguka. Akazivua kanga za Bi Kibibi, moja, ya pili, akaziweka juu ya ile yangu.

"Na mimi sipokei," akasema. "Watani, tokeni. Njia iko wazi. Wamzike wenyewe."

Baadhi wakamfuata. Wengine walibaki na kanga zao mabegani wakitazama sakafu, na nimewashika kwa sura mmoja mmoja.

Mzee Kitwana akawa anasema mtoto huyu ana shetani, mama yake anajua, ana shetani tangu utotoni. Sauti ilikuwa imempanda. Mfiwa haruhusiwi kukasirika mbele ya mtani, lakini kumbuka, mimi sikuwa mtani tena! Akakasirika. Kila mtu akamwona. Shehe akasema maiti hangojei, wakalibeba jeneza wakatoka nalo mvuani, kimya, hata dhikiri waliianza walipofika kona.

Nilimtafuta Mama Tatu kwa macho. Alikuwa kwenye mlango wa uani, kamshika Tatu mkono, kamshika kwa nguvu hadi mtoto anajipinda. Sikumtaja Tatu. Nilijisemea mimi tu. Jina la mtoto si la kuokotwa na midomo ya msibani. Lakini yule mama alikuwa ananitazama, na mimi nikamtazama, sikuondoa macho mpaka akaondoa yeye.

Alasiri, mvua ikiwa nyingi, akapita mbele ya baraza letu. Kichwani godoro limeviringishwa na mkeka, mkononi masufuria. Nyuma yake Tatu kabeba taa ya chemli isiyo na kioo, kaishika kwa mikono yote miwili. Wanaelekea Magomeni, kwa kaka yake. Mtu anahama nyumba ya msiba siku ya msiba! Mtaa mzima ulitoka kutazama.

Hakunisalimia. Alipita kama hanijui.

Sawa. Asinisalimie maisha yake yote. Apite tu.

Nilidhani nimeshinda. Nikaenda kwa Shangazi, tukakaa, akanishika mkono, akaninywesha uji kwa nguvu. Kisha akaniuliza jambo moja tu: "Na Tatu?" Nikasema, "Nadhani, Shangazi. Nywele zake." Akafunika uso kwa kanga. Huyo huyo anayewachekesha watu makaburini.

Niliporudi nyumbani nikaikuta kanga.

Ile ile. Imekunjwa, iko kwenye kiti cha Mama. Nikiwa kwa Shangazi walikuwa wamekuja wazee wawili wa msikitini na ujumbe. Mzee Kitwana amenisamehe! Ndivyo walivyosema. Amenisamehe! Eti msiba ni msiba, utani ni utani, msichana kapitiwa. Nikipokea kanga yameisha. Nisipopokea, anaenda kwa Liwali kunishitaki kwa kumchafulia jina.

Na Mama akapokea. Kwa niaba yangu.

Nilipiga kelele sijui nilisema nini. Niliyoyasema mengine hayafai kwa mama. Yeye kakaa tu kitandani, mikono magotini.

"Unataka ukasimame kwa Liwali mbele ya wanaume useme ulivyofanywa?" akaniuliza. "Nani atakuoa?"

"Nani kakwambia nataka kuolewa? Wewe tangu mwanzo hukuniamini!"

"Nani kasema sikukuamini?"

Nikakaa sakafuni.

"Nilikuamini pale pale jikoni," Mama akasema. "Baba yako alikuwa barazani anavua viatu. Angesikia, angekwenda na ile kulabu yake ya kubebea magunia bandarini, angemuua Kitwana kabla ya magharibi. Na Serikali ingemnyonga. Nilikuwa na tumbo la mdogo wako. Nikakupiga kofi ili unyamaze. Nikakutoa kwenye sufi. Nilifikiri nimekuokoa wewe na baba yako pamoja."

Kisha akaniambia nitoke, akafunga mlango.

Sijui nifanye nini na neno hilo. Miaka yote nimemchukia kwa kutoniamini. Sasa nimchukie kwa kuniamini? Najua baba yangu alivyokuwa. Angekwenda kweli. Angenyongwa kweli. Mama alihesabu haraka, jikoni, na mwiko mkononi, na hesabu yake ilitutoa sisi wote salama.

Ila haikumtoa Tatu. Wala wale waliokaa pale katikati, baada yangu, kabla yake. Wangapi? Nikiwafikiria nataka kurudi kwenye ile chupa ya mafuta ya taa.

Sirudi. Nimeimwaga, nimetoka kuimwaga sasa hivi kwenye matope uani. Moto ungempa huruma ya watu. Wangemchangia mabati, wangesema masikini fundi wetu. Mimi simtakii huruma. Namtakia aishi. Namtakia akae mbele ya ile stoo na malundo yake ya sufi na asipate mtoto hata mmoja wa kumchambulia, mama zao wakipita wawavute watoto upande wa pili wa njia. Namtakia magodoro yenye vinundu. Namtakia achambue mwenyewe, na vidole vyake vinene, mlango wazi, upepo unamtawanyia sufi Kariakoo nzima na watu wanajua kwa nini mlango uko wazi. Huko ndiko kulipa kisasi. Nataka aionje kila siku.

Kwa hiyo kanga hii hailali kwetu mara ya pili.

Shangazi nimeshamtumia ujumbe kwa mtoto wa jirani, kajibu atakuja na buibui lake la kutokea. Tunairudisha asubuhi. Hatupiti uchochoroni. Tunapita sokoni, katikati, wakati wauza samaki na wauza nazi wote wameshafungua, kanga nimeibeba mikononi wazi watu waione. Wakiniuliza naipeleka wapi, nitawajibu. Wakiniuliza kwa nini, nitawajibu vile vile, kwa sauti niliyotumia leo. Kisha aende kwa Liwali akitaka. Nitamfuata, nitasema na huko. Nilishaogopa vya kutosha nikiwa na miaka tisa.

Naogopa kitu kimoja tu, niandike nisijidanganye. Naogopa nikifika mlangoni kwake acheke tena.

Haya, acheke. Kesho hakuna jeneza, hakuna watani. Atacheka peke yake.